Mwanangu yuko vitani: kwa nini mshukiwa wa uasi apelekwe kwa hakimu?

Mama mmoja ameniuliza hivi, nami nimefupisha kidogo tu:

“Mwanangu wa mwisho ni askari, na huu ni mwaka wa pili yuko kwenye eneo la waasi. Simu yake ikikaa siku tatu bila kupatikana, silali. Sasa bungeni kuna mswada wa kuwaruhusu polisi wamweke mshukiwa wa uasi kizuizini siku 90 bila kumfikisha mahakamani, na mawakili wanaupinga kwa jina la haki za raia. Haki za nani? Mwanangu hana haki ya kurudi nyumbani akiwa hai? Mnatuambia mambo haya ni mizani. Basi kwa nini mizani isilalie upande wa anayetulinda?”

Mama, shikamoo, na pole kwa usingizi unaoukosa.

Nianze na lile ulilolisema kwa uchungu zaidi, kwa kuwa ni kweli tupu. Mwanao ana haki ya kuishi. Wanayo pia wanakijiji wanaovamiwa usiku na abiria wanaoshushwa kwenye basi na kupigwa risasi kando ya barabara. Dola isiyowalinda watu hao inavunja haki za binadamu, kama ile inayowatesa wengine korokoroni. Ndiyo maana Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara yake ya 4, unairuhusu nchi ambayo uhai wake uko hatarini isimamishe baadhi ya haki kwa muda. Sharti itangaze hali ya hatari hadharani, ichukue hatua zile tu ambazo hali yenyewe inazilazimisha, na isimbague mtu kwa sababu tu ya rangi, lugha, dini au asili yake. Uhuru wa kutembea, mikutano, siri ya mazungumzo ya simu, hata uhuru wa kutokamatwa, vyote vinaweza kubanwa. Visivyoguswa ni vichache: dola haiui kiholela, haitesi, haifanyi mtu mtumwa, haimhukumu mtu kwa sheria iliyotungwa baada ya tendo lake, haimlazimishi kuacha imani yake, na mengine machache ya namna hiyo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba haki za raia zinaifunga dola mikono isipigane na waasi, hajausoma mkataba huo. Mimi mwenyewe nakubali amri ya kutotoka nje panapokuwa na mapigano, nakubali simu kusikilizwa kwa kibali cha jaji, nakubali shahidi afichwe uso asije akauawa.

Ninapoachana nawe ni kwenye hiyo mizani, na kosa si lako; wataalamu wenyewe ndio walioizoesha. Mtu akipimiwa kitu, anatoa chake na anapokea chake. Kwenye sheria za uasi, anayetoa na anayepokea ni watu wawili tofauti. Tunaambiwa “sote tutoe uhuru kidogo ili sote tupate usalama”, lakini wengi wetu hatutoi chochote. Hatusimamishwi njiani, mlango wetu hauvunjwi usiku wa manane. Anayetoa ni kijana mwenye lugha ya waasi, au jina lao, au dini yao, au aliyezaliwa tu upande ule wa mto. Ni rahisi mno kuwa mkarimu kwa uhuru wa jirani.

Hilo lilijitokeza waziwazi Uingereza. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwafunga bila kesi wageni wanaoshukiwa kuwa magaidi. Raia hawakuguswa. Tarehe 16 Desemba 2004, majaji tisa wa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo walikaa, na wanane kati yao wakasema sheria hiyo haikubaliki. Hoja yao haikuwa kwamba hatari haipo. Walisema kama hatari inatoka kwa wageni na kwa raia pia, na raia wanadhibitiwa bila kufungwa hivyo, basi kuwafunga wageni peke yao hakulazimishwi na hali, ni ubaguzi. Miezi saba baadaye, tarehe 7 Julai 2005, vijana wanne walijilipua kwenye usafiri wa umma London na kuua watu 52. Watatu kati ya wanne hao walizaliwa Uingereza. Sheria ilikuwa imekodoa macho upande mmoja.

Unaweza kusema, mwalimu, hayo ni ya majaji. Mimi nataka mwanangu awe salama. Sawa. Tuondoke mahakamani twende kwenye vita vyenyewe.

Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1971, jeshi la Uingereza liliingia mitaa ya Ireland Kaskazini likiwa na orodha za majina, likakamata watu 342. Karibu wote walitoka jamii ya Wakatoliki, ingawa wenye silaha walikuwepo pande zote mbili, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Orodha zilikuwa za zamani, na wapiganaji wengi wa IRA, kundi la waasi lililotaka kuiondoa Uingereza huko, walikwisha kunusa na kujificha. Waliokamatwa walikuwamo wazee waliopigana miaka mingi nyuma na kuacha, walikuwamo wanaharakati wa haki za kiraia, na walikuwamo watu waliofanana majina na wengine. Zaidi ya 100 waliachiwa ndani ya saa 48, wakarudi mitaani kwao na alama za vipigo na hadithi za kusimulia. Mpango uliendelea hadi Desemba 1975 na kuwapitia watu 1,981, ambao wapatao 107 tu walitoka upande wa Waprotestanti.

Usalama uliopatikana ni upi? Tarehe 30 Januari 1972 watu waliandamana mjini Derry kupinga ukamataji huohuo, wanajeshi wakawafyatulia risasi, 13 wakafa siku ileile. Mwaka huo wa 1972 ulikatisha maisha ya watu karibu 480, na katika miaka 30 ya vita vile haukutokea mwaka mwingine wenye vifo vingi kiasi hicho. Vijana walimiminika kujiunga na IRA. Sheria iliyotungwa kuwapunguza waasi iliwazalisha, na waliolipa ni askari wadogo wenye umri wa mwanao, waliokuwa wakipita doria kwenye mitaa ambayo kila dirisha lilikuwa adui.

Kiswahili chetu kina methali inayosema samaki mmoja akioza wote wameoza. Ni methali ya sokoni, na kwa kapu la samaki ni kweli. Kwa binadamu ndiyo mantiki hasa ambayo mwasi anaitamani dola iifuate. Mwasi ana tatizo moja kubwa: watu anaodai kuwapigania wengi wao hawamtaki. Wanataka kulima na kusomesha watoto. Dola ikishawatendea wote kama waliooza, imemtatulia tatizo lake.

Sasa Peru, ambako nitakaa kidogo, maana ni mfano ninaourudia kila ninapofundisha somo hili. Kundi la Sendero Luminoso lilianza vita mwaka 1980 katika milima ya Ayacucho. Lilikuwa katili kupita kiasi. Tume ya Ukweli ya nchi hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2003, ilisema kundi hilo lilisababisha asilimia 54 ya vifo vilivyoripotiwa, na ikakadiria waliokufa kwa mikono ya pande zote kuwa zaidi ya 69,000. Watu watatu kati ya kila wanne waliouawa walikuwa wakulima ambao lugha yao ya mama ni Kiquechua. Miaka ya mwanzo jeshi lilipoingia milimani liliwaona wakulima hao wote kuwa waasi, na vijiji vizima vikafutwa. Waasi hawakupungua. Walisambaa hadi mji mkuu, Lima. Mambo yalianza kugeuka milimani pale jeshi lilipobadilika na kuwafanya wakulima washirika wake, wakaunda doria zao za vijiji.

Mwaka 1992 Rais Alberto Fujimori alivunja Bunge na kutoa amri kali: kesi za ugaidi zisikilizwe na majaji wasio na nyuso, wanaokaa nyuma ya kioo, sauti zao zikibadilishwa kwa mitambo, kesi ikiisha kwa siku chache. Mwaka huohuo, tarehe 12 Septemba, kiongozi wa waasi Abimael Guzmán alikamatwa. Wapo wanaounganisha mambo hayo mawili na kusema, mmeona, ukali umelipa. Lakini Guzmán alikamatwa na kikosi kidogo cha makachero kiitwacho GEIN, kilichoundwa mwaka 1990, kabla ya amri zile. Kazi yao ilikuwa kufuatilia watu polepole, kupiga picha na kuandika kumbukumbu. Kwenye nyumba moja ya Lima iliyokuwa na shule ya dansi waligundua kwamba takataka zinazotolewa ni nyingi mno kwa watu wanaoonekana kuishi humo. Wakazichambua. Wakakuta vipande vya sigara za aina aliyoivuta Guzmán na mirija ya dawa ya ugonjwa wa ngozi waliojua anao. Waliingia na kumkamata bila kumwaga damu, na kundi lake halikupata tena nguvu iliyokuwa nayo.

Majaji wasio na nyuso walifunga mamia ya watu ambao baadaye dola yenyewe ilikiri kuwa hawakuwa na hatia, ikaunda tume maalumu mwaka 1996 ya kupendekeza waachiwe. Na hata Guzmán, ambaye hatia yake haikuwa na shaka, hukumu yake ya mwaka 1992 haikudumu: mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ilizibatilisha taratibu zile, ikabidi ashtakiwe upya mbele ya mahakama ya kiraia. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha maisha, safari hii na majaji wenye nyuso na majina, na hukumu hiyo haikutikisika hadi alipofia gerezani mwaka 2021. Amri kali ndiyo iliyompa nafasi ya kurudi kizimbani na kuhutubia. Kesi ya haki ndiyo iliyomfunga.

Kwa nini nasisitiza hili kwako, Mama? Kwa sababu bomu lililofukiwa barabarani linamsubiri mwanao, na kuna mtu anajua lilipofukiwa. Pengine ni mchungaji wa mbuzi aliyewaona wakichimba, pengine ni mwanamke aliyekuwa akiteka maji. Kama kaka wa mwanamke huyo alichukuliwa mwaka jana na hakuna ofisi inayokubali kuwa inamshikilia, atanyamaza. Kama alichukuliwa, akafikishwa kwa hakimu siku ya pili, akaonekana na mama yake, akaachiwa kwa kukosa ushahidi, huenda atazungumza. Simhakikishii mtu. Ila najua ni wapi maneno hayatoki kabisa.

Basi tuje kwenye mswada wako na zile siku 90.

Ukisikia siku 90 unafikiria mtu amekaa tu mahabusu, anasubiri. Mimi nikisikia siku 90 nafikiria saa 72 za mwanzo. Mateso mengi hutokea humo, kati ya dakika mtu anapochukuliwa na dakika mtu mwingine asiye polisi anapomwona. Mchunguzi anataka jina la mwingine upesi, hana ushahidi, bosi wake anapiga simu, na hakuna atakayeona. Hata mtu mwema akiwekwa hapo muda mrefu ataharibika. Na anachokipata kwa kumning’iniza mtu ni jina lolote, kwa sababu anayening’inizwa atataja jina lolote. Kesho yake wenzake mwanao wanatumwa kuvunja mlango wa mtu asiyehusika.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipata kesi hii hasa, ya Aksoy dhidi ya Uturuki, ikaiamua Desemba 1996. Mtu mmoja alikamatwa Novemba 1992 kusini mashariki mwa Uturuki, katika vita na PKK, kundi la waasi wa Kikurdi, akakaa si chini ya siku 14 bila kuonana na jaji. Alivuliwa nguo, akafungwa mikono nyuma na kuning’inizwa kwayo, hadi mikono yake ikapooza. Mahakama haikubeza hali ya Uturuki. Ilikubali kabisa kwamba uhai wa taifa ulikuwa hatarini. Ikasema hata hivyo siku 14 za giza haziwezi kulazimishwa na hatari yoyote, kwa sababu hakukuwa na wakili, daktari, jamaa wala jaji ambaye angeweza kufika hapo alipokuwa.

Linganisha na kesi mbili za Uingereza. Mwaka 1988, katika kesi ya Brogan, mahakama hiyohiyo ilisema hata siku nne na saa sita bila kufikishwa kwa jaji ni nyingi mno nchi ikiwa katika hali ya kawaida. Uingereza ikajibu kwa kutangaza rasmi kuwa iko katika hali ya hatari kuhusu Ireland Kaskazini. Mwaka 1993, katika kesi ya Brannigan na McBride, mahakama ikakubali hadi siku saba. Kilichobadilika si huruma ya majaji. Mbali na tangazo lenyewe, waliona kwamba mshikiliwa ana haki ya wakili baada ya saa 48, ndugu zake wanajulishwa, daktari anamwona, na mtu anaweza kwenda mahakamani wakati wowote kuhoji uhalali wa kumshikilia. Siku saba zenye milango zilikubalika, na siku 14 zisizo na mlango zikaitwa kwa jina lake, uvunjaji wa haki.

Kwa hiyo ukiniuliza kama idadi ya siku ndiyo kiini cha mswada, nitakwambia sivyo. Nchi iliyo vitani, polisi wachache, barabara mbovu, mshukiwa amekamatwa porini: sitashangaa mtu akichelewa kidogo kufika mahakamani. Ninachokipinga ni siku 90 ambazo hakuna jicho la nje. Kama hakimu hafikiki, apandishwe helikopta ileile iliyombeba mshukiwa, au waonane kwa video. Daktari asiye wa polisi amwone akiingia na akitoka. Jina lake liandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari ambalo jamaa wanaweza kuliuliza. Baada ya hapo, hakimu akishawishika kwamba uchunguzi unahitaji muda, aongeze muda, na tena, kila mara akimwona mtu mwenyewe kwa macho. Kikosi kilichokamata kwa sababu halisi hakipotezi chochote hapo.

Kuna ugumu mmoja ambao watetezi wa haki tunaupita kimyakimya, nami sitaki kukuficha. Mara nyingine polisi wanajua na hawawezi kusema wamejuaje. Taarifa imetoka kwa mtu aliyejipenyeza ndani ya kundi. Ikisomwa mahakamani, mtu huyo amekufa. Mshukiwa akiachiwa kwa kukosa ushahidi, anaweza kurudi na kuua. Imewahi kutokea na itatokea tena, na anayekuahidi sheria isiyo na hatari hiyo anakudanganya. Njia ya katikati ambayo nchi kadhaa zimeijaribu ni wakili maalumu aliyechunguzwa na dola, anayeruhusiwa kuona siri na kuihoji kwa niaba ya mshukiwa, ingawa haruhusiwi kumweleza alichokiona. Siipendi sana. Mtu hawezi kujitetea vizuri dhidi ya jambo asilolijua. Mahakama ya Ulaya mwaka 2009 ilisema walau kiini cha tuhuma lazima aambiwe, vinginevyo wakili huyo ni pambo. Kwa sharti hilo naikubali, kuliko jaji kupewa bahasha iliyofungwa na kuombwa aamini.

Usiogope pia kwamba mahakama zikiingilia zitaifuta kila sheria. Kenya, mwishoni mwa 2014, ilikuwa katika maumivu makali. Novemba al-Shabaab waliwashusha na kuwaua abiria 28 wa basi huko Mandera. Siku kumi baadaye wakawaua wachimba mawe 36 karibu na mji huohuo. Desemba 19 Rais alitia saini sheria ya marekebisho ya usalama iliyopitishwa bungeni katikati ya vurugu. Tarehe 23 Februari 2015, miezi miwili tu baadaye, majaji watano wa Mahakama Kuu walivifuta vifungu vinane, miongoni mwao kile cha kuwafunga wanahabari kwa kuchapisha habari za kutia hofu na kile cha kuweka ukomo wa wakimbizi 150,000 nchini. Sehemu kubwa ya sheria waliiacha isimame, pamoja na kifungu cha kufuatilia mawasiliano, wakisema hatari ni ya kweli na chombo hicho kinahitajika. Hiyo ndiyo kazi ya mahakama, kupepeta.

Sheria isiyopepetwa hukaa. Sri Lanka ilitunga sheria yake ya kuzuia ugaidi mwaka 1979, na jina lake rasmi lina maneno yanayosema kwamba ni ya muda. Ilipangiwa miaka mitatu. Mwaka 1982 ikafanywa ya kudumu. Iliruhusu waziri amweke mtu kizuizini hadi miezi 18, na iliruhusu ungamo lililotolewa kwa afisa wa polisi wa cheo cha juu litumike kama ushahidi. Hapo ndipo mateso yanapopata ajira. Waasi wa Tamil Tigers walishindwa Mei 2009. Sheria ilibaki, ikiwakamata wengine.

India ilikuwa na sheria iitwayo TADA, ya mwaka 1985, iliyotungwa kwa ajili ya uasi wa Punjab. Ilikamata watu zaidi ya 76,000, na waliotiwa hatiani hawakufika wawili kwa kila mia. Maelfu walikamatwa Gujarat, jimbo ambalo halikuwa na uasi. TADA ilikufa Mei 1995 kwa sababu moja: ilikuwa na kifungu cha ukomo, na Bunge likaona aibu kuihuisha. Mambo yake kadhaa yalirudi baadaye kwa majina mengine, hilo ni kweli, lakini kila yaliporudi ilibidi mtu asimame bungeni na kuyatetea upya. Kwa hiyo nikisoma mswada wa usalama, naanza ukurasa wa mwisho. Natafuta tarehe ya kufa kwake.

Jambo la mwisho linamhusu mwanao mwenyewe, na ni zito. Pamoja na siku za kizuizini, miswada ya namna hii huja na kinga: askari asishtakiwe kwa lolote alilofanya “kwa nia njema” katika operesheni. Inaonekana kama zawadi kwake. Angalia Kolombia. Miaka ile jeshi lilikuwa likipimwa kwa idadi ya waasi waliouawa, na walioleta idadi walipata likizo, sifa na vyeo. Mahakama maalumu iliyoundwa baada ya mkataba wa amani ilitangaza mwaka 2021 kwamba kati ya 2002 na 2008 raia wasiopungua 6,402 waliuawa na kuonyeshwa kuwa ni waasi waliokufa vitani. Mwaka 2008 vijana kutoka Soacha, mji maskini uliopakana na Bogotá, waliahidiwa kazi, wakasafirishwa mbali, wakauawa na kuzikwa huko Ocaña wakiandikwa waasi. Mama zao ndio waliokataa kunyamaza. Hadi leo wanajulikana nchi nzima kama Mama wa Soacha. Na waliofika mbele ya mahakama ile kukiri, wakiwatazama mama hao usoni, walikuwamo maafisa, lakini walikuwamo pia askari wa vyeo vya chini waliopewa amri wakiwa vijana wadogo, katika mfumo ambao hakuna aliyeuliza maswali.

Hakuna aliyewaambia siku ile kwamba wangeweza kukataa. Sheria inayosema wazi nini askari haruhusiwi kufanya, na inayomlinda anayekataa amri haramu, inamlinda mwanao dhidi ya kamanda wake mwenyewe. Kinga ya jumla inamwacha peke yake na kamanda huyo.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mbunge wako aupigie kura mswada ule au aukatae, muulize maswali machache. Siku ya tatu baada ya mtu kukamatwa, ni nani asiye polisi wala mwanajeshi atakayekuwa amemwona kwa macho? Mama yake atakwenda ofisi gani kuuliza, na karani wa ofisi hiyo analazimika kumjibu? Ungamo alilolitoa akiwa peke yake na wachunguzi litatumika mahakamani? Sheria itakufa lini? Na askari mdogo akikataa kumpiga risasi mtu aliyekwisha fungwa mikono, kifungu gani kitamlinda? Mswada wenye majibu ya maandishi kwa hayo, hata ukiwa mkali, mimi nitakaa upande wako kuutetea. Ule uliopo mezani sasa, kwa jinsi ulivyonieleza, una jibu kwa swali la idadi ya siku tu.

Na simu ya mwanao ikipatikana, msalimie.